Utando wa kunasa kaboni dioksidi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukitaja utando wa kutenganisha kaboni dioksidi na naitrojeni iliyo kwenye moshi, wengi huwaza chekecheke: molekuli ndogo zinapita, kubwa zinabaki. Dhana hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Molekuli ya kaboni dioksidi ina kipenyo cha nanomita 0.33 hivi, ya naitrojeni 0.36. Kutoboa matundu yanayotambua tofauti ndogo kiasi hicho, kwenye maelfu ya mita za mraba, ni kazi ngumu mno. Kwa kweli tando nyingi za gesi zinazotumika viwandani hazina tundu hata moja. Ni tabaka jembamba la polima, yaani kitu cha jamii ya plastiki au mpira; gesi huyeyuka ndani yake upande mmoja, hupenya polepole, kisha hutokea upande wa pili. Kaboni dioksidi huitangulia naitrojeni hasa kwa sababu huyeyuka kwa wingi zaidi kwenye polima. Jambo hili limejulikana zamani: mwaka 1831, John Kearsley Mitchell wa Philadelphia aliona gesi zikipenya mpira wa asili kwa kasi tofauti, na mwaka 1866 Thomas Graham akaeleza kwamba huanza kwa kuyeyuka humo.

Dhana ya pili naiona nzito kuliko zote, na hata wasomi huingia mtegoni: kwamba tukipata utando unaochagua gesi vizuri zaidi, kazi imekwisha. Haijaisha. Kinachoisukuma gesi ipite ni tofauti ya mgandamizo wa gesi hiyo yenyewe kati ya pande mbili za utando. Moshi wa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe una kaboni dioksidi asilimia 12 hadi 15 hivi, na hutoka na mgandamizo unaokaribia ule wa hewa tunayovuta. Kwa hiyo ama uubane moshi kabla haujaingia, ama uvute ombwe upande wa kutokea. Tuseme umefanikiwa, na mgandamizo wa upande wa kuingilia sasa ni mara 5 ya ule wa upande wa pili. Moshi wenye asilimia 13 hautatoa gesi inayozidi asilimia 65 ya kaboni dioksidi, hata utando uwe mkamilifu namna gani. Ni 13 mara 5, basi. Gesi ya kusafirishwa na kuzikwa ardhini kwa kawaida hutakiwa iwe safi kwa asilimia 95 au zaidi, kwa hiyo hulazimika kupitishwa kwenye utando mara ya pili, au kumaliziwa kwa kupozwa hadi iwe kimiminika.

Hapo hapo inaanguka dhana nyingine, kwamba utando hauli nishati kwa kuwa hauna kemikali ya kuchemsha. Ni kweli viyeyushi vya amini, kemikali zinazotumika kunasa kaboni dioksidi kwa njia nyingine, hupashwa hadi nyuzi 120 za Selsiasi hivi ili viachie gesi viliyoinasa, na utando hauhitaji joto hilo. Lakini kompresa na pampu za ombwe hula umeme, tena mwingi. Ukibana moshi wote, unabana pia naitrojeni usiyoihitaji, nayo ndiyo iliyojaa humo.

“Mbona kwenye gesi asilia tando zinafanya kazi tangu miaka ya 1980?” Zinafanya, na vizuri. Lakini gesi asilia hutoka kisimani ikiwa tayari na mgandamizo mkubwa. Msukumo ambao kwenye dohani unaulipia, kule umeletwa na ardhi.

Unyevu nao husingiziwa kuwa adui siku zote. Zipo tando zenye amini ambazo zikikauka huzembea, kwa sababu maji ndiyo yanayoisaidia kaboni dioksidi kushikana na amini na kuvuka. Majivu na dioksidi ya salfa ndivyo vya kuhofiwa zaidi.

Ningeulizwa pa kuanzia, ningetaja viwanda vya saruji. Wapo wanaodhani kubadilisha mafuta ya tanuri kunatosha, ilhali takriban asilimia 60 ya kaboni dioksidi ya saruji hutoka kwenye chokaa yenyewe inapochomwa. Moshi wake huweza kuwa na asilimia 20 na zaidi. Zidisha kwa 5: ile dari ya hesabu haibani tena, na hapo ubora wa utando unaanza kuwa na maana kweli.