Posti ya okazioni: nunua chafu, ogopa iliyopakwa rangi

Posti niliyo nayo nyumbani, mashine ya kuchomelea ya okazioni, yaani iliyokwisha kutumika, niliikuta Ruashi, hapa Lubumbashi, chini ya mwembe, kuku wawili wamelala juu yake. Mama mwenye nyumba aliona haya kunionyesha. "Papa, hiyo ilikuwa ya marehemu bwana yangu, imekwisha kuoza." Niliinua upande mmoja kwa mikono miwili, nikashindwa kuinua wa pili, na papo hapo nikajua nitainunua. Tulipatana bei, na juu ya bei Mama akaweka sharti: nikiisha kuitengeneza, nirudi kumchomelea bawaba ya geti lake.

Wiki hiyohiyo mdogo wangu mmoja wa Katuba aliniletea posti yake ya okazioni, rangi ya buluu inang'aa hadi kwenye mapanga ya feni. Alikuwa amelipa karibu mara mbili ya nilicholipa mimi. Ilifanya kazi siku mbili.

Kwa wasomaji wa mbali: posti ndivyo tunavyoita hapa Lubumbashi mashine ya kuchomelea kwa vijiti, na vijiti vyenyewe ni bageti. Ziko za aina mbili sokoni. Ile nzito ya transfoma ina koili mbili za waya uliozungushwa, kiini cha chuma, kipande cha chuma kinachoteleza ukizungusha mkono ili kupunguza au kuongeza ampea, swichi, na pengine feni. Basi. Ile nyepesi, inveta, ina sahani ya elektroniki ambayo huwezi kuisoma kwa macho, na kapasita zake zinaweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa plagi. Sisemi inveta ni mbaya. Ikiwa nyaya za nyumba yako ni nyembamba, inavuta umeme kwa upole zaidi. Ila ikiwa mpya. Ya okazioni, mimi nachukua transfoma, maana ugonjwa wake unaonekana.

Unaonekana, lakini si kama imepakwa rangi. Uchafu unakueleza maisha ya mashine. Vumbi lililolala sawasawa juu ya skrubu linasema hakuna aliyefungua. Vanishi, yaani ule utando unaofunika waya wa koili, ikiwa nyeusi sehemu moja tu inasema pale palichemka. Rangi mpya inafuta yote hayo, na huyo mdogo wangu alilipia ufutaji. Tulipofungua yake tulikuta koili imesukwa upya kwa alumini. Katika mji huu uliojengwa juu ya shaba, koili ya shaba ina mnunuzi wake hata kabla posti haijafa, kwa hiyo mtu aliitoa akaiuza, akarudisha waya mweupe wa unene uleule. Hapo ndipo kosa. Alumini yenyewe si wizi, viwanda vingine vinaitumia, lakini inapitisha umeme kwa takriban asilimia 61 tu ya shaba. Lazima waya uwe mnene zaidi. Ukiwa sawa na ule wa shaba unapata moto, vanishi inaungua, mizunguko inagusana.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa, beba kisu kidogo. Kwangua waya mahali palipojificha, tena kwangua kwa kina, kwa sababu ncha za shaba mara nyingi zimepakwa bati na zinaonekana nyeupe kwa juu. Halafu ingiza pua kwenye matundu ya hewa. Harufu ya vanishi iliyoungua haifutiki kwa rangi wala kwa sabuni.

Soma pia kibati cha maelezo, kama kimebaki. U0 ni volti za bageti kabla hujaanza kuchoma. X yenye asilimia ni muda wa kazi katika kila dakika 10: ukiona 35% kwenye ampea 140, maana yake ni dakika tatu na nusu za kuchoma, zilizobaki ni za kupumzika. Posti nyingi za zamani zina kipande cha kuhamisha kati ya volti 220 na 380. Kikiwa kwenye 380 nawe unachomeka nyumbani kwenye 220, moto utakuwa dhaifu na utaidhania mbovu. Nimewahi kununua moja kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu hiyo tu, na sijutii. Kinyume chake ndicho kinachoua mashine.

Kipimo ninachokiamini ni resho. Ndiyo, resho ya umeme ya kupikia, ya wati 1500 hivi. Naiunga katika waya mmoja unaoingia kwenye posti, umeme upite kwanza kwenye resho. Bageti haiguswi na kitu. Posti nzima inavuta ampea chache tu bila kazi, kwa hiyo resho inapata uvuguvugu tu. Ikiwa mizunguko ya koili imegusana, resho inakuwa nyekundu kama ya kupika bukari (ugali), na posti inabaki salama kwa sababu resho imebeba mzigo. Taa ya wati 100 ambayo wengine wanaitumia haifai hapa: itawaka kwa nguvu hata posti ikiwa nzima. Na tafadhali, ni volti 220 kamili hizo, si mchezo wa kujifunzia peke yako.

Sasa usafi. Plagi naichomoa na kuiweka pale ninapoiona, kisha nafungua bodi, ganda la nje la posti. Ya Mama ilikuwa na mavi ya kuku, kiota cha nyigu, na lile vumbi letu jekundu la kiangazi. Lakini la kuogopa zaidi lilikuwa la kijivu: unga wa chuma. Mafundi wetu wanasaga chuma pembeni ya posti, feni inavuta unga ndani, na unga huo unapitisha umeme. Ukiwa mkavu unavumilika. Unyevu ukiingia unakuwa daraja kati ya koili na bodi. Posti nyingi ninazoletewa zinafika mvua zinapoanza.

Nafanyia nje, nimefunika pua na mdomo. Mavi naondoa kwa kijiti cha mti, si bisibisi, nisikwangue vanishi. Kisha brashi laini, kisha hewa ya kompresa iliyopunguzwa hadi bari 2 hivi, kwa mbali. Maji hapana. Petroli ndiyo kabisa hapana, inalainisha vanishi na kukuachia mvuke unaosubiri cheche. Jambo moja nalisema kwa ukali: ukikuta katikati ya koili za posti ya zamani karatasi ngumu za nyuzinyuzi, nyeupe au kijivu, zinazovunjikavunjika, huenda ni asbesto. Usipulize. Funga bodi, mrudishie mwenye mali.

Baada ya usafi nilipima kwa mita ya insulesheni ya volti 500, ile inayoonyesha kama umeme unavuja, kutoka plagi hadi bodi: megaomu 0.6. Chini ya 2.5 siiwashi. Haikuwa imekufa, ilikuwa imelowa. Niliweka balbu ya wati 60 ndani, nikafunika na gunia, usiku mbili. Ikapanda hadi 40. Watu wanasuka koili upya kwa ugonjwa ambao balbu inautibu.

Yaliyobaki yalikwenda haraka: kukaza boliti za kiini ili kelele ipungue, grisi kidogo ya kuvumilia joto kwenye skrubu ya mkono, kung'arisha viungo vya nyaya nene, kebo mpya ya kuingizia umeme. Kebo ya zamani ilikuwa na waya wa kijani na njano uliokatwa kwa makusudi. Huo ni wa ardhi, ndio unaokulinda bodi ikishika umeme. Nilipigilia fimbo ya chuma cha mabati nyuma ya nyumba. Ya shaba ingekuwa bora, lakini isingemaliza mwezi ardhini.

Nikaipima jioni, bageti ikawa inanata tu. Karibu nifungue tena. Kumbe ni saa ya kupika, mtaa mzima umewasha resho, na ukutani kulikuwa na volti 170. Posti inayotoa volti 52 kwenye 220 inatoa 40 kwenye 170, na 40 haitoshi hata kwa bageti ya aina ya 6013, iliyo rahisi kuwasha.

Kwa Mama nilikwenda saa tano asubuhi. Ukutani 212. Bageti ya milimita 2.5, ampea 75, bawaba mbili, dakika zisizozidi kumi pamoja na kusugua kutu. Mama aliitazama posti kwa muda, bado na kutu yake ya nje kwa sababu sikuipaka chochote. "Papa, si ungeipaka hata rangi kidogo?"