"Majaaliwa" nalo ni jibu

Tulikuwa kwenye shehia moja ya Wilaya ya Micheweni, Pemba, upepo wa kusi umeshika. Mimi nilikuwa msimamizi wa timu. Nimekaa ncha ya mkeka, namsikiliza mdadisi wangu akimhoji mama wa miaka 38. Mama anasuka ukili, vidole havisimami. Likafika swali: "Lau ungeweza kurudi wakati hujapata mtoto hata mmoja, ukachagua mwenyewe idadi ya watoto wa maisha yako yote, ungechagua wangapi?"

Vidole vikasimama. "Wa kuchagua ni mie?"

Mdadisi alikuwa amefunzwa asiridhike upesi na jibu lisilo na namba. Akauliza tena. "Majaaliwa hayo, mwanangu." Akauliza mara ya tatu, kwa upole. Mama akageuka akatazama uani, watoto wake walikokuwa wakicheza. "Haya, andika sita."

Alikuwa na watoto sita.

Kwenye kishikwambi ile sita haina alama yoyote. Itajumlishwa na sita za wengine, itolewe wastani, na mtu aliye mbali na Micheweni atasoma kwamba wanawake wa huku wanataka watoto wengi. Nimefanya kazi hii ya tafiti za kaya miaka mingi na hilo bado linaniuma, kwa sababu yule mama alitupa jibu lake mara mbili na sisi tukaandika la tatu.

Swali lenyewe halikutungwa kwetu. Limo katika dodoso la tafiti za afya na idadi ya watu, mradi ulioanza mwaka 1984 na kuenea nchi nyingi. Utafiti wa namna hiyo wa 2022 hapa Tanzania ulifanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar, wakihojiwa wanawake wa miaka 15 hadi 49. Mengi yaliyomo ni madhubuti. Mwanamke huulizwa uzazi wake mmoja mmoja, mtoto kazaliwa lini, yu hai au kafariki, na kutokana na hayo ndipo tunajua kwamba wastani wa watoto kwa mwanamke nchini ulishuka kutoka 5.4 mwaka 2010 hadi 4.8 mwaka 2022. Mama husahau mengi, lakini si rahisi asahau kwamba alizaa. Matakwa ndiyo yenye taabu. Na kwetu yana uzito, maana sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na kasi ya ongezeko ilikuwa asilimia 3.7 kwa mwaka. Mipango ya skuli na vituo vya afya inategemea tumeelewa nini hasa watu wanataka.

Mwaka 1973 Ansley Coale, mtaalamu wa masuala ya idadi ya watu, alieleza kwamba uzazi hauwezi kupungua mpaka kwanza watu waione idadi ya watoto kuwa jambo la kupima na kuchagua. Baadaye, 1992, mtaalamu mwenzake Etienne van de Walle akayatazama haya majibu yasiyo na namba na kuyasoma kama dalili kwamba hatua hiyo bado haijafikiwa. Hoja yao naiheshimu. Ila kwa Pemba naona inakosa kitu kikubwa: wanawake wetu wanapima muda.

Muulize yule yule mama habari za mtoto wake wa mwisho. "Huyu nilimnyonyesha mpaka akajua kusema. Na baba yake alikuwa dago." Dago ni kambi ya wavuvi mbali na nyumbani. Hapo pana mpango mzima. Aya ya 233 ya Suratul Baqara inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na kila mama anaijua hata kama hawezi kukutajia namba ya aya. Hofu ya kumbemenda mtoto, yaani kumdhoofisha kwa wazazi kukutana au mama kushika mimba naye bado ananyonya, ipo. Mume akienda dago miezi kadhaa, nafasi inajipanga yenyewe. Azli, yaani mume kumwaga nje, nayo si ngeni, imo katika Hadithi za Jabir, sahaba wa Mtume. Mtu anayesema majaaliwa anaweza kuwa ametenganisha watoto wake wote kwa miaka mitatu mitatu, na haoni mgongano wowote.

Halafu kuna neno nia. Tafiti nyingine, hasa zile zilizoanzia Ulaya, huuliza kama mtu ana nia ya kupata mtoto ndani ya miaka mitatu ijayo. Nyuma yake ipo nadharia ya mwanasaikolojia Icek Ajzen ya 1991, kwamba nia hutokana na mtazamo wa mtu, na shinikizo la wanaomzunguka, na anavyoona uwezo wake juu ya jambo. Ukilifasiri neno kwa neno umekwisha. Kwetu nia huwekwa kwa jambo lililo mikononi mwako: unanuia swala, unanuia funga. Ukimuuliza Mpemba kama ana nia ya kupata mtoto, unamtaka adai kilicho cha Mwenyezi Mungu. Atakwepa, na mdadisi ataandika "hajui".

Majukumu ya mume na mke yana mtego wake. Liko swali la tafiti za kimataifa linalotaka ukubali au ukatae kwamba kazi ya mwanamume ni kutafuta pesa na ya mwanamke ni kuangalia nyumba na familia. Mama wa mwani anakubali, tena kwa nguvu, kisha jioni unamkuta anaanika mwani alioulima na pesa zake ni zake. Anajipinga? Hapana. "Kazi ya mume" kaisikia kama wajibu wa mume, na matunzo ni haki yake ambayo hataki ipotee eti kwa kuwa naye anachuma. Akinunua unga kwa pesa ya mwani atasema kamsaidia mume. Akikataa lile swali, ameiachia haki yake mbele ya mama mkwe aliyekaa hatua tatu pembeni. (Faragha ya mahojiano ni ngumu kuliko dodoso lote. Siku hizi mdadisi mmoja kazi yake ni kumzungumzisha mama mkwe upande wa pili wa nyumba.)

Na usiende siku za bamvu, maji yanapojaa na kutoka sana, saa ya maji kutoka. Wenye mwani wako pwani, utawahoji waliobaki majumbani tu, kisha utaripoti kwamba wanawake wa shehia hiyo hawana kipato. Kaya za wake wenza nazo zinataka uangalifu: baba yuko zamu kwa mke mwengine, na karani anayeandika waliolala pale usiku uliopita anaweza kuiandika nyumba hii kama haina mume. Hili nimeliona zaidi ya mara moja, na linabadilisha kabisa picha ya nani mkuu wa kaya.

Katika dodoso letu swali la idadi sasa tunaliweka mwisho, na "majaaliwa" ina kisanduku chake, mdadisi haruhusiwi kuisukuma mara tatu. Mbele tumeweka haya: "Mungu akijaalia, ungependa upate mwengine, au hawa wanakutosha? Ungependa karibuni, au usubiri? Usubiri mpaka lini?" Swali la kusubiri lilikuwamo tangu zamani katika yale madodoso makubwa. Tulikuwa tunalipita mbio.

Tuliporudi Micheweni kulijaribu, yule mama alikuwa kwenye mkeka ule ule. Hakufikiri hata kidogo.

"Mpaka huyu aingie chuoni."

Mtoto alikuwa na miaka miwili, na pale kijijini chuoni, kwenye kusoma Kurani, huanza wakiwa na mitano. Mdadisi akaandika: miaka mitatu.