Kikundi cha wenye MS: mahali, saa na mipaka

Jicho moja linaingia ukungu, linauma likigeuzwa, na nyekundu ya leso inaonekana kama imepauka kwa kufuliwa. Wiki chache baadaye linatulia, na nyumbani wanasema ulikuwa uchovu tu. Kwa wengi, maltipo sklerosisi, au MS, hubisha hodi hivyo. Kinga ya mwili hushambulia mayelini, ala inayofunika nyuzi za neva katika ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Huanza zaidi kati ya miaka 20 na 40, na wanawake huwazidi wanaume mara mbili hadi tatu. Ni umri wa kutafuta kazi na kuzaa, na wengi hapa Nairobi hawajawahi kukaa na mwingine mwenye ugonjwa huu.

Njia fupi ya kumpata mwenzako ni kliniki ya neva. Usiombe namba ya mgonjwa, kwa sababu muuguzi haruhusiwi kuitoa. Acha yako kwa maandishi, pamoja na ruhusa apewe atakayeihitaji. Kwa kikundi, watu watano hadi wanane wanatosha. Wakizidi, wapole hawapati nafasi ya kusema.

Chagueni ghorofa ya chini, kiti chenye mgongo, kivuli, na choo cha hatua chache tu, maana kibofu chenye MS hakingoji foleni. Kutaneni saa nne asubuhi, jua halijakaza. Joto la mwili likipanda hata nusu digrii, neva zilizochubuka hupitisha ujumbe kwa shida: miguu inakuwa mizito, macho yanafifia. Matatu iliyofungwa madirisha na kukwama kwenye jam inatosha kuleta hayo. Mwili ukipoa, hali hurudi ilivyokuwa. Hilo si shambulio jipya.

Shambulio la kweli ni dalili mpya, au ya zamani iliyorudi, inayodumu saa 24 au zaidi bila homa wala maambukizi. Hapa ndipo vikundi huumiza watu. Mmoja anaandika kwamba mguu umekufa ganzi, mwingine anamjibu kwa dozi aliyopewa yeye. Steroidi ya mshipani, dawa ya kutuliza shambulio, kwa kawaida gramu 1 kwa siku kwa siku 3 hadi 5, huamuliwa na daktari, na mkojo hupimwa kwanza: maambukizi ya mkojo huamsha dalili za zamani, na steroidi huweza kuyazidisha. Tena kuna NMO, ugonjwa unaofanana na MS na unaowapata zaidi watu wenye asili ya Afrika. Baadhi ya dawa za MS huuchochea. Muulize daktari kama ulipimwa damu kutafuta kingamwili za akwaporini-4, alama ya NMO.

Jiji hili kila mkutano hutaka kugeuka chama. Msianze na michango. Aliyelazwa akikosa kulipa mara mbili huona haya kurudi, naye ndiye aliyewahitaji zaidi.

Mimba haikatazwi, ila dawa hupangwa mapema: fingolimodi, kwa mfano, huachwa miezi 2 kabla ya kushika mimba, na kuiacha kiholela kunaweza kuleta shambulio kali. Mashambulizi hupungua hasa miezi mitatu ya mwisho, kisha huongezeka katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua. Kwa hiyo zamu za kikundi za kumsaidia mama ziandikwe kabla mtoto hajazaliwa: nani atalala kwake Jumanne, nani atafua nepi, nani atambeba mtoto mama akienda kliniki.