Jaribio la Kitabibu kwa Aliyezaliwa na Tofauti ya Kiungo: Maana Yake na Namna ya Kulitafuta

Jaribio la kitabibu ni utafiti ambao washiriki hupewa dawa, upasuaji, kifaa au mazoezi kwa mpango uliowekwa tangu mwanzo, kisha matokeo hupimwa ili ijulikane kama njia hiyo inafaa na ni salama. Utafiti wa ufuatiliaji haubadilishi matibabu ya mtu yeyote. Watafiti hukusanya taarifa tu, kama vile nguvu za mkono, mwendo wa mguu, au jinsi mtoto anavyocheza na wenzake.

Kwa aliyezaliwa na mkono mfupi, vidole vilivyoshikana au mguu uliokosa mfupa mmoja, tafiti atakazozikuta mara nyingi ni za aina hiyo ya pili. Hali hizi ni adimu na zina sura nyingi, kiasi kwamba hospitali moja haipati watoto wa kutosha kulinganisha njia mbili za upasuaji, na ndiyo maana madaktari huunganisha taarifa zao katika rejista za pamoja. Rejista si jambo dogo. Dawa ya thalidomide, iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na kuondolewa sokoni huko mwaka 1961, ilipomezwa na wajawazito ilisababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu, na maafa hayo yalizifanya nchi nyingi zianze kufuatilia maumbile ya watoto wanaozaliwa. Mzazi anayekubali taarifa za mwanawe ziingizwe humo anatoa mchango wa kweli, hata kama mtoto hapati tiba mpya.

Mahali pa kuanzia ni ClinicalTrials.gov, hazina iliyofunguliwa mwaka 2000 na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ambayo huorodhesha tafiti za nchi nyingi. Shirika la Afya Duniani nalo lina tovuti inayokusanya orodha za tafiti kutoka rejista za mataifa mbalimbali. Mwombe daktari akuandikie jina kamili la hali hiyo kwa Kiingereza, pamoja na majina yake ya zamani, kwa kuwa utafutaji wa maneno ya jumla huleta mamia ya tafiti zisizohusika. Kisha tazama kama utafiti bado unaandikisha washiriki, unahitaji watu wa umri gani, na unafanyika wapi.

Kuorodheshwa si uthibitisho wa ubora. Uliza kamati ipi ya maadili iliupitisha, nani analipia safari na vipimo, na kumbuka kwamba mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Kwa mtoto, swali ambalo ningelitanguliza ni muda wa ufuatiliaji: mfupa wa mkono ulionyooshwa akiwa na miaka miwili unaweza kupinda tena kadiri anavyokua, hivyo matokeo ya miezi sita hayaonyeshi mkono huo utakuwaje atakapokuwa mtu mzima.