Betri mbili si betri ya pili

Nilikuwa nimeketi katika duka la vipuri hapa Chake Chake, Pemba, alipoingia kijana mmoja mwenye pikapu ya matangazo, zile zinazofungwa spika juu na kuzungushwa vijijini kunapokuwa na maulidi au harusi, akamwambia muuzaji kwamba anataka kufungiwa betri mbili kama za lori la baba yake. Muuzaji akamjibu, bila ya kusita, kwamba lori lile ni mfano mzuri wa gari lenye betri ya pili. Kwa kuwa kauli hii nimekwisha kuisikia mara nyingi mno, na kwa mafundi ambao ningetarajia wajue zaidi, nimeona niieleze kwa maandishi.

Betri ya pili ni ile inayofungwa katika gari mbali na betri ya kuwashia injini, ikachajiwa na alteneta (mashine inayozalisha umeme injini inapozunguka) ile ile gari inapotembea, kisha ikatengwa na mwenziwe injini inapozimwa, ili friji, taa au amplifaya itumie umeme wake bila ya kugusa ule uliowekewa stata. Maana imekwisha hapo. Kinachosumbua watu ni hesabu.

Neno betri tumelipata kwa Waingereza, nao walilipata kwa Wafaransa, ambao asili yake kwao ni kitenzi cha kupiga. Hapo mwanzo lilikuwa neno la vita: mizinga kadhaa iliyopangwa safu moja ili ipige kwa pamoja iliitwa hivyo. Mwaka 1749 Benjamin Franklin, Mmarekani aliyekuwa akichunguza umeme kwa vyupa vya kioo, aliviunganisha vyupa kadhaa vikatoa nguvu zao kwa mara moja, akaviita kwa jina lile la mizinga. Kwa hivyo mzinga mmoja, kama mmojawapo wa ile ya shaba iliyokuwa imewekwa mbele ya Beit el Ajaib, lile jumba la kale la Unguja, haukuwa betri hata kidogo. Betri ni kundi linalofanya kazi moja. Na kwa maana hiyo hiyo kile tunachokitia katika tochi ni seli tu, ingawa sitamgombeza mtu kwa hilo, kwani neno limekwisha kuzoeleka.

Sasa lifungue, kwa fikra tu, kasha la betri ya gari. Ndani mna seli sita za risasi na asidi, kila moja ikiwa na volti 2.1 hivi, zimeunganishwa moja baada ya nyingine hata zikafika volti 12.6. Lori kubwa la dizeli linahitaji volti 24, na badala ya kutengeneza kasha moja zito la seli kumi na mbili ambalo hakuna mtu angeweza kulinyanyua, hufungwa makasha mawili, chanya ya moja ikiungwa kwenye hasi ya jingine. Makasha yale ni mapacha: yanachajiwa pamoja, yanatumika pamoja, na likifa moja ni busara kuyabadilisha yote. Likiondolewa moja, lori haliwaki. Hapo hakuna ya kwanza wala ya pili.

Kosa hili la hesabu lina gharama. Mwenye lori akiamini kwamba kasha moja ni la ziada, humwambia fundi achukue volti 12 za redio au friji kutoka kasha hilo peke yake. Alteneta haijui habari hiyo. Inaendelea kuyachaji yote mawili kama kitu kimoja, kwa hivyo lile linalovutwa hubaki na njaa daima na lile jingine hulishwa kupita kiasi mpaka maji yake yakakauka. Baada ya miezi kadhaa mojawapo hufa, na lawama humwangukia mwenye kiwanda. Anayetaka volti 12 katika lori la volti 24 na afunge kifaa cha kupunguza volti, kinachovuta kutoka makasha yote mawili kwa usawa.

Pikapu ya kijana wetu ni ya volti 12, na yeye kweli anahitaji betri ya pili. Aichague ipi? Muuzaji alimtolea N100, akisema kwamba kwa ukubwa ule ni “dip saiko”. Namba hiyo inatokana na viwango vya zamani vya Japani na hueleza ukubwa tu, takriban ampea-saa 100, yaani kiasi cha umeme kinachotosha kuvutwa ampea moja kwa saa 100. Haisemi chochote kuhusu kazi. Betri ya kuwashia ina mabamba membamba na mengi, ili itoe mamia ya ampea kwa sekunde chache kisha irudishiwe upesi. Ile ya dip saiko, yaani inayostahamili kushushwa chini na kupandishwa tena, ina mabamba manene. Ukiishusha betri ya kuwashia hadi karibu na mwisho kila siku, itakufa mapema, hata ikiwa kubwa namna gani. Na ile ampea kubwa ya kuwashia iliyoandikwa kwenye kibandiko hupimwa kwa sekunde 30 katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, hali ambayo Pemba haijaiona. Mwenye amplifaya asome ampea-saa.

Hesabu yake ni hii: amplifaya ikivuta ampea 10 kwa saa 6, zimekwenda ampea-saa 60, na kwa kuwa betri ya risasi si vyema kuishusha chini ya nusu, atahitaji 120. Baina ya betri mbili iwekwe rilei, yaani swichi inayojiendesha yenyewe, inayounga pale tu volti zinapopanda kwa sababu alteneta inafanya kazi. Akipendelea betri ya lithiamu, asiiunge moja kwa moja na alteneta, maana huvuta umeme mwingi hata ikaiunguza. Inataka chaja yake maalumu. Na popote pale, betri ya pili ni bora ikae nyuma ya gari kuliko pembeni ya injini, kwa sababu joto hupunguza umri wake haraka.

Kijana alisikiliza yote hayo kwa adabu, kisha akaniuliza, “Kwa hivyo, ami, lori la baba lina betri ngapi?” Nikamwambia kwamba lina moja tu, ya volti 24, ila imekaa katika makasha mawili.