Nani aliyezitia mbio sinema bubu?

Mwambie mtoto aigize sinema za zamani, zile nyeusi na nyeupe zisizo na sauti. Ataanza kutembea upesi upesi, miguu kapanua, mikono anairusha kama mtu aliyekanyaga siafu. Watu wazima nao hawako mbali naye. Wanaamini kwamba miaka ile mashine zilikuwa mbovu, ndiyo maana watu walitoka na mbio kwenye picha. Mimi kazi yangu ni kunakili mikanda hii kuiingiza kwenye dijitali, na hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kama hilo. Huwa najibu kwamba mkanda hauna kosa. Wenye kosa ni sisi tunaouonyesha.

Kamera ya wakati ule ilikuwa na mpini ubavuni, na mpiga picha aliuzungusha kwa mkono. Mzunguko mmoja ulipitisha fremu 8, yaani picha nane moja moja, kwa hiyo ukizungusha mara mbili kwa sekunde unapata fremu 16. Ndugu wawili Lumière, waanzilishi wa sinema wa Ufaransa, walipofanya onyesho lao maarufu mjini Paris, tarehe 28 Desemba 1895, walikuwa kwenye kasi kama hiyo. Baadhi ya wapiga picha waliimba kimoyomoyo ili mkono usipoteze mdundo. Na usidhani fremu 16 zilimeremeta na kuumiza macho. Ndani ya projekta kulikuwa na kisahani chenye mapanga matatu, mfano wa pangaboi, kilichoukata mwanga mara tatu kwa kila fremu. Jicho likapata mimweko 48 kwa sekunde, likaridhika.

Sauti ndiyo iliyoleta balaa. Jicho husamehe, sikio halisamehe. Mkanda wenye sauti ukiongeza kasi kidogo tu, mwimbaji wa besi anageuka kuwa mtoto. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabidi kasi iwe moja kwa wote, ikawekwa fremu 24 kwa sekunde, na projekta zikafungwa mota zisizobadilika. Sasa chukua mkanda wa kale uupitishe humo. Rili, yaani gurudumu la mkanda, ya futi 1,000 ina fremu 16,000. Kwa kasi ya 16 inakwenda dakika 16 na sekunde 40. Kwa 24 inamalizika kwa dakika 11 na sekunde 7. Dakika tano na nusu zimeliwa, na zilizoliwa ni zile za mwigizaji kusita, kumeza mate, kugeuza shingo.

Hili nililijua kwa vitabu kabla sijalijua kwa aibu. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii niliandaa onyesho dogo la “Broken Blossoms”, filamu ya huzuni ya mwaka 1919. Lillian Gish anaigiza Lucy, binti anayepigwa na baba yake bondia. Baba anamwamuru atabasamu. Binti hana tabasamu, basi anainua vidole viwili na kusukuma ncha za midomo yake juu, alitengeneze kwa mkono. Mimi nilikuwa nimeiacha mashine kwenye 24. Vidole vikapanda na kushuka chap, kama mtu anayefukuza nzi, na ukumbi mzima ukacheka. Wiki mbili baadaye nilikaa na kipande kile kile peke yangu, nikakishusha taratibu mpaka karibu na 17. Vidole vikaanza kutetemeka kabla ya kufika mdomoni. Macho yanabaki kwa baba wakati wote, yanapima kama tabasamu limetosha. Mwishoni mwa filamu, akiwa anakata roho, anakifanya kitendo hicho tena. Pale nilipokuwa nimewachekesha watu!

Utajuaje kasi sahihi, na mkanda hauna lebo? Ninatafuta kitu kinachoanguka. Mwigizaji anatembea atakavyo, ila mvutano wa dunia hauigizi. Kikombe kikiteleza mezani au kofia nzito ikidondoka kutoka kichwani, napima urefu kwa kukisia nikilinganisha na kimo cha mtu, kisha nahesabu fremu. Kitu kikianguka mita 1.2 kinatumia kama nusu sekunde. Nikikuta fremu 8, kamera ilikuwa kwenye 16. Nikikuta 10, ilikuwa 20. Hesabu hii si ya kuapia, basi naangalia na moshi, maji, sketi za wanawake wakipanda ngazi. Baada ya miaka kadhaa mwili wenyewe unakwambia.

Wapo wenzangu wanaotaka kila filamu bubu iende 16 au 18, basi. Hapo tunagombana. Kasi ilikuwa inabadilika hata ndani ya filamu moja. Mwaka 1914 mwongozaji wa Marekani D. W. Griffith alitoa maelekezo ya kuonyesha “Home, Sweet Home”: rili ya kwanza ichukue dakika 16, ya pili 14 hadi 15, zinazofuata 13 hadi 14. (Griffith huyu ndiye aliyewatukuza Ku Klux Klan kwenye filamu mwaka uliofuata, kwa hiyo simtaji kwa mapenzi.) Maana yake ni kwamba mwendesha projekta alikuwa na kazi ya mpiga ngoma, kukaza na kulegeza kadiri hadithi inavyokwenda. Wenye majumba ya sinema nao waliongeza kasi kwa sababu zao, maana ukikimbiza rili unapata onyesho moja zaidi jioni. Wapiga picha wakajibu kwa kuzungusha mpini haraka zaidi, wakawa wanafukuzana. Filamu nyingi za 1926 na 1927 zinakaa vizuri kabisa kwenye 22 au 24.

Vichekesho navyo vina sheria yao. Kwa Mack Sennett, bosi wa studio ya vichekesho ya Keystone, mpini ulizungushwa polepole makusudi ili polisi na magari yatoke yakiruka. Chaplin naye alicheza hivyo hivyo na mpini. Ile kona yake anayoikata kwa mguu mmoja, mwingine ukining'inia hewani, ukiipunguza mpaka iwe “ya kawaida” anaonekana mzee mwenye baridi yabisi. Mbio zile zilipangwa, na ukiziondoa umeharibu kama nilivyoharibu mimi.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, fungua filamu ya huzuni ya miaka ya 1910 huko YouTube. Kwanza tazama watu wanavyovuka barabara, kwa sababu nakala nyingi siku hizi zimesharekebishwa. Kama wanatembea kama wewe na mimi, iache. Kama wanakimbizana na kivuli chao, nenda kwenye mipangilio, chagua kasi ya 0.75: hapo 24 inakuwa 18. Zima na muziki waliouweka, maana utaburuzika vibaya. Kisha angalia mikono ya waigizaji.