Mafua makali ya ndege: ukali unaopimwa kwa kuku

Mafua ya ndege ni ugonjwa unaosababishwa na virusi vya influenza aina ya A, ambavyo makao yake ya asili ni ndege wa majini kama mabata mwitu, na ambavyo huingia katika mifugo na, mara chache, kumpata binadamu. Virusi hivyo hupewa majina kwa herufi H na N pamoja na namba, kulingana na protini mbili zilizo juu ya ganda lake, ndiyo maana tunasikia H5N1, H7N9 na kadhalika. Maana yenyewe haina utata mkubwa. Utata huanza pale tangazo linapoongeza neno moja na kusema «mafua makali ya ndege», kwa kuwa msikilizaji, na mara nyingi mtangazaji mwenyewe, hulichukua neno hilo kuwa ni kipimo cha hatari inayomkabili binadamu.

Sivyo. Ukali unaotajwa hapo ni ukali kwa kuku. Kwa mujibu wa kanuni za Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, virusi huingizwa katika mshipa wa damu wa kuku wenye umri wa wiki 4 hadi 8, na wakifa angalau asilimia 75 kati yao, virusi hivyo huhesabiwa kuwa vikali. Siku hizi maabara huweza pia kusoma sehemu maalumu ya protini ya H na kufikia uamuzi huohuo bila kuua kuku. Protini hiyo lazima ikatwe ndipo kirusi kiweze kuambukiza. Katika virusi visivyo vikali, hukatwa na vimeng'enya (protini za mwili zinazovunja vitu) vya njia ya hewa na utumbo tu, kwa hiyo ugonjwa hubaki huko na kuku huenda asionyeshe zaidi ya kupungua kwa mayai. Katika virusi vikali hukatwa na vimeng'enya vilivyo karibu katika kila kiungo, na banda zima huweza kuisha kwa siku chache. Mpaka sasa ukali huo kwa kuku umeonekana kwa kawaida katika jamii za H5 na H7 pekee. Hakuna mahali katika kipimo hicho panapomhusu mtu.

Linalomhusu mtu ni jambo jingine: kama kirusi kinaweza kujishikiza kwenye chembe za mwili wake. Virusi vya ndege hupendelea vipokezi, yaani sehemu za chembe ambazo kirusi hujishikiza, ambavyo kwa binadamu viko kwa wingi ndani kabisa ya mapafu na kwenye utando wa macho, lakini ni vichache puani na kooni. Kwa sababu hiyo si rahisi kuvipata, na anayevipata kwa kawaida ni yule aliyevikaribia sana, yaani aliyechinja na kunyonyoa kuku mgonjwa, aliyefagia kinyesi kikavu bandani, au aliyeshinda kati ya matenga ya soko la kuku hai. Kwa sababu hiyohiyo aliyeambukizwa ni nadra kumwambukiza mwenzake. Na atakayekula kuku aliyeiva sawasawa hana la kuogopa, kwa kuwa moto huua virusi.

Ukali kwa kuku na hatari kwa mtu huweza kupishana kabisa, na hapa ndipo matumizi mabaya ya neno yanapodhuru. Mwaka 2003 nchini Uholanzi, H7N7 iliyokuwa kali mno kwa kuku ilisababisha kuuawa kwa zaidi ya ndege milioni 30. Watu 89 walithibitishwa kuambukizwa, wengi wao wakiwa na macho mekundu tu, ingawa daktari mmoja wa mifugo alifariki. Januari 2017 H5N8, nayo kali, iligunduliwa Uganda kwenye ufuko wa Ziwa Nyanza, na Kenya ikapiga marufuku kuku na mayai kutoka huko. Ilhali wagonjwa wa kwanza wa kibinadamu wa H5N8 kuripotiwa popote duniani walikuwa wafanyakazi 7 wa shamba la kuku nchini Urusi, waliotangazwa Februari 2021, na hawakuwa na dalili yoyote.

Sasa tazama upande wa pili. H7N9 iliyozuka China mwaka 2013 haikuwa kali kwa kuku hata kidogo. Kuku walikula, walitaga na walipelekwa sokoni wakiwa wazima machoni pa kila mtu, na huku takriban watu 4 kati ya kila 10 waliothibitishwa kuugua walikufa. Kuku mzima hakumpa muuzaji onyo lolote, na ilibidi masoko ya kuku hai katika miji kama Shanghai yafungwe ndipo maambukizi yapungue.

H5N1 ndiyo imetuharibia lugha, kwa sababu imekusanya ukali wa pande zote mbili. Hong Kong mwaka 1997 iliwapata watu 18, wakafa 6, na tangu 2003 Shirika la Afya Duniani limeandikisha wagonjwa zaidi ya 900, takriban nusu yao wakiwa wamefariki. Hata nusu hiyo inataka uangalifu, maana waliohesabiwa ni hasa waliofika hospitali wakiwa hoi, na wenye ugonjwa mwepesi hawakupimwa. Huko Marekani, tangu 2024, wafanyakazi wengi wa mashamba ya ng'ombe wa maziwa na kuku walioambukizwa H5N1 waliumwa macho na kupona. Januari 2025 mtu mmoja aliyekuwa akifuga kuku nyumbani alifariki katika jimbo la Louisiana.

(Na si kila kifo cha kuku kijijini ni mafua ya ndege. Kideri, ugonjwa mwingine wa virusi wa kuku, humaliza banda kwa kasi ileile, na kile ambacho wafugaji huita mafua ya kuku, cha uso kuvimba na kamasi zenye harufu, ni ugonjwa wa bakteria.)

Kwa hiyo tangazo la «mafua makali» linamweleza mfugaji kwamba banda lake liko hatarini, na hapo neno limetumika vizuri. Anayetaka kutuarifu kuhusu hatari kwa watu na atutajie ni aina gani ya kirusi, ni nani wameugua na walikuwa wakifanya kazi gani walipoambukizwa.